Mstari Mmoja: Kipimo cha Mkojo na Yaliyomkuta Kaka Yangu

Mwezi wa saba mwaka jana kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alitoka Gwarama na begi moja kwenda kutafuta kazi ya udereva wa lori. Kwa asiyepajua, Gwarama ni kata ya wilaya ya Kakonko, ile iliyomegwa kutoka Kibondo, huku kwenye vilima vya Kigoma ambako mwezi wa saba asubuhi hutoki nje bila sweta. Alipanda basi mpaka Nyakanazi, akaunganisha mbele. Vumbi la njiani na baridi ya alfajiri vikampa mafua ya nguvu, akaingia duka la dawa muhimu akanunua vidonge. Hilo la vidonge lishike, nitalirudia.

Leseni anayo, uzoefu anao. Usaili akapita. Kuendesha mbele ya mkaguzi akapita. Siku ya mwisho wakaambiwa wote wapimwe mkojo, kampuni haitaki dereva anayetumia dawa za kulevya. Sawa kabisa, hata mimi nisingependa kupishana usiku na semi-trela ambayo dereva wake hajalala siku tatu. Wakapewa vikopo, wakaenda chooni, wakarudisha. Mhudumu akachovya kipimo chenye madirisha kadhaa, kila dirisha la dawa yake, wakasubiri dakika tano.

Kaka alikuwa karibu, akachungulia. Madirisha karibu yote yalikuwa na mistari miwili, akaanza kutokwa jasho. Moja tu, lililoandikwa MET, lilikuwa na mstari mmoja. Akajiambia angalau hapo nimesalimika. Msimlaumu. Kwetu mtoto anajua kipimo cha malaria kabla hajajua kusoma: mstari mmoja, huna, mistari miwili, kachukue dawa mseto. Kipimo cha mimba nacho ni hivyo hivyo, na humu hosteli wapo wanaolijua hilo vizuri kuliko mimi.

Muda si mrefu akaitwa kwa jina lake, mbele ya waombaji wenzake: "Wewe umekutwa na amfetamini. Unaweza kwenda." Basi. Hakuulizwa swali lolote, hakupewa karatasi. Kampuni siitaji, na wala sidhani kama ni hiyo peke yake inayofanya hivi.

Alipofika nyumbani habari ilikuwa imeshafika kabla yake, maana mmoja wa waombaji alikuwa wa palepale Kakonko. Baba mkubwa hakumsemesha wiki nzima. Bibi aliuliza kama hiyo amfetamini inaambukiza, atenge kikombe. Vijana wa kijiweni wakaanza kumwita teja, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha jina likabaki.

Ndipo akanipigia. "We mwalimu si unasoma kemia? Hebu nieleze, mstari mmoja unakuwaje ni kosa?"

Nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni kemia na baiolojia, na nilikuwa sijui. Niliona aibu. Nilikwenda maktaba, nikamsumbua fundi sanifu wa maabara yetu mpaka akachoka na mimi. Niliyoyapata ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu nusu yetu tutapimwa hivi tukitafuta kazi, na nusu nyingine tutakuwa walimu wakuu na mameneja wanaoamuru wengine wapimwe.

Bodaboda na kituo cha T

Kwanza hilo la mstari. Ndani ya kile kikaratasi kuna kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hutengeneza kumtambua adui, ila hizi zimetengenezwa maabara zimtambue mtu mmoja tu: amfetamini, au methamfetamini, kutegemea dirisha. Zimepakwa rangi. Mkojo ukipanda kwenye kikaratasi unazibeba kingamwili hizo kwenda nazo mbele.

Zifikirie kama bodaboda wenye koti jekundu. Njiani kuna vituo viwili. Kituo cha kwanza, T, kuna abiria wamegandishwa pale na kiwanda: molekuli za dawa yenyewe. Bodaboda aliye mtupu akifika T anasimama kuchukua abiria, na kwa kuwa abiria kagandishwa, naye anaganda palepale. Wakiganda maelfu kwa maelfu unaona mstari mwekundu. Lakini kama mkojo ulikuwa na dawa, bodaboda walishapakia tangu mwanzo wa safari. Mwenye abiria hasimami T, anapita. Kituo kinabaki kitupu, mstari hakuna. Mbele kuna C, na hicho ni kama askari wa usalama barabarani: anasimamisha pikipiki yenyewe, iwe na abiria isiwe naye. Ndiyo maana mstari wa C lazima utokee, usipotokea kipimo kimeharibika.

Kwa hiyo mistari miwili ni usalama na mmoja ni tatizo, kinyume kabisa na malaria. Kipimo cha malaria kinatafuta protini kubwa ya vimelea, ambayo kingamwili mbili zinaweza kuibana pande zote mbili kama mkate na blubendi. Molekuli ya amfetamini ni ndogo mno, haina pa kushikwa mara mbili, ndipo wakabuni huu mtindo wa kugombania siti. Jambo jingine watu hawalijui: mstari wa T ukitokea hafifu, hata uwe kama umechorwa na penseli, unahesabika kuwa upo. Matokeo ni hasi. Hakuna "chanya kidogo".

Sasa, bodaboda huyu anamtambuaje abiria wake? Kwa umbo. Hana uwezo wa kusoma kitambulisho. Hapo ndipo matatizo yote ya kaka yanapoanzia.

Amfetamini ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1887 mjini Berlin na mkemia wa Romania, Lazăr Edeleanu. Methamfetamini ilifuata 1893, mkononi mwa Mjapani Nagai Nagayoshi, naye aliitoa kwenye efedrini, dawa ya mmea wa efedra. Miaka mingi hakuna aliyejua zinafaa kwa nini. Baadaye ikaja kufunguliwa nazo pua, kisha Vita ya Pili ya Dunia askari wa pande zote mbili wakapewa wasilale. Na sisi wanafunzi hatukuchelewa: 1937 magazeti ya Marekani yalikuwa tayari yanaandika juu ya wanachuo wanaomeza vidonge vya Benzedrine wakeshe na mitihani. Kupiga msuli kwa msaada wa kemia hakukuanza na kizazi chetu.

Angalia lakini hiyo historia: methamfetamini ilizaliwa kutoka kwenye efedrini. Ni ndugu wa damu. Na sudoefedrini, ambayo ipo ndani ya vidonge vingi vya mafua kwa ajili ya kuzibua pua, ni pacha wa efedrini. Kwa wale wa kemia: methamfetamini ni C10H15N, sudoefedrini ni C10H15NO. Atomi moja ya oksijeni. Mtu amevaa sare ileile, ameongeza kofia. Bodaboda asiyesoma kitambulisho, hasa abiria wa kofia wakiwa wengi, anaweza kuwapakia.

Wala si dawa ya mafua peke yake. Zimeandikwa kesi za promethazini, ile tunayopewa kwa kutapika au mzio. Za klorpromazini ya wagonjwa wa akili. Za ranitidini ya vidonda vya tumbo. Na labetaloli ya presha, ambayo hutumika sana kwa wajawazito. Hebu fikiria mama mjamzito mwenye presha anaambiwa mkojo wake una amfetamini. Imetokea huko nje, na zaidi ya mara moja. Vipimo vya viwanda tofauti vinatofautiana, kingine kinadanganywa na hii, kingine na ile, ndiyo maana karatasi ndogo ndani ya boksi la kipimo huwa inaorodhesha vinavyokichanganya. Sijui ni wangapi wanaoisoma. Mimi nimeiona moja, maandishi yake ni madogo kuliko ya mkataba wa mkopo. Na mwishoni kabisa imeandikwa kwamba matokeo haya ni ya awali tu, yathibitishwe kwa njia nyingine.

Mwenye kiwanda mwenyewe anasema ni ya awali.

Kikomo

Kipimo hakiulizi "ipo au haipo?" Kinauliza "imezidi kikomo au haijazidi?" Kwa wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani, ambao kanuni zao zimenakiliwa sehemu nyingi, kikomo cha kipimo cha awali cha amfetamini ni nanogramu 500 katika kila mililita moja ya mkojo. Kabla ya 2010 kilikuwa 1,000. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kwa hiyo mkojo uleule, wa mtu yuleyule, mwaka 2009 ungeweza kuitwa safi na mwaka 2011 ukaitwa mchafu. Aliyebadilika ni mstari wa kanuni. Na madukani vipo vya 1,000, vya 500 na vya chini ya hapo, ukinunua unachukua ulichokuta.

Muda nao. Amfetamini hukaa kwenye mkojo siku moja mpaka tatu hivi, ikizidi nne au tano kwa mtumiaji mzito. Na hapo mwili unafanya kitu ambacho mwalimu wa kemia anaweza kukifundishia kipindi kizima. Amfetamini ni besi dhaifu. Mkojo ukiwa na tindikali, molekuli zinashika chaji, haziwezi kurudi ndani ya damu kupitia kuta za figo, zinatoka haraka. Mkojo ukielekea ubesi, zinabaki bila chaji, zinarudi mwilini, zinatoka polepole. Watu wawili wanameza kiasi kimoja saa moja, lakini mikojo yao inasema mambo mawili tofauti. Najua kuna wajanja wameshaanza kuwaza magadi. Maabara inayojielewa inapima joto la mkojo ndani ya dakika nne (nyuzi 32 mpaka 38), inapima tindikali yake, inapima kreatinini kujua kama umeongezwa maji. Usijisumbue.

Lakini jambo kubwa kwenye hili ni kwamba mkojo hausemi kama mtu amelewa sasa hivi. Unasema kuna kitu kilipita hapa siku za karibuni. Dereva aliyekutwa chanya Jumatatu anaweza kuwa mzima wa akili kuliko dereva wa kipimo safi ambaye hajalala tangu Jumamosi.

Mashine ya kusoma vitambulisho

Kipimo cha pili, cha kuthibitisha, ni kitu tofauti kabisa. Mkojo (ule ule wa kikopo cha kwanza, uliohifadhiwa na kufungwa kwa lakiri) unapelekwa kwenye mashine mbili zilizounganishwa. Ya kwanza, kromatografia, inazitenganisha molekuli kwa kuzikimbiza kwenye bomba refu jembamba: kila molekuli ina mwendo wake, na muda wake wa kufika unajulikana. Ya pili, spektrometa ya tungamo, inaivunja kila iliyofika vipande vipande na kupima uzito wa kila kipande. Sudoefedrini ina uzito wa 165, methamfetamini 149. Hapo kofia inaonekana.

Mtu atasema, basi uzito unatosha. Hautoshi. Kathinoni, ile dawa iliyomo kwenye mirungi, nayo uzito wake ni 149, sawasawa na methamfetamini. Kwa uzito mzima peke yake utawachanganya. Ni muda wa kufika pamoja na namna zinavyovunjika ndivyo vinavyowatenga.

Na hata mashine hii iliwahi kukosea, jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote. Maabara za Marekani ziligundua kwamba sudoefedrini au efedrini ikiwa nyingi sana kwenye sampuli, joto na kemikali za kuiandaa zinaweza kugeuza chembe zake kuwa methamfetamini palepale mashineni. Yaani dawa ya kulevya inatengenezwa ndani ya mashine ya kuitafuta! Suluhisho lao lilikuwa la akili: mwili wa mtu aliyetumia methamfetamini kweli hugeuza sehemu yake kuwa amfetamini ya kawaida. Basi ikaamriwa kwamba methamfetamini haitangazwi chanya mpaka na amfetamini nayo ionekane kwa kiwango fulani kwenye sampuli hiyo hiyo. Ushahidi wa shahidi mmoja haukubaliki. Juu ya hapo, kabla matokeo hayajamfikia mwajiri, daktari anampigia aliyepimwa na kumwuliza: unatumia dawa gani? Swali moja tu hilo, ambalo kaka hakuulizwa.

Tanzania mashine hizi tunazo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyo chini ya sheria yake ya 2016, ndiyo inayopokea sampuli za polisi na za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ile iliyoanzishwa na sheria ya 2015. Na mahakama zetu zimeshaonyesha kwamba hata ripoti ya huko inajadiliwa. Wengi mnakumbuka Februari 2017, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliposoma majina ya watu, baadhi wakapelekwa kupimwa mkojo. Mfanyabiashara Yusuf Manji alishtakiwa kwa kutumia heroini. Kesi ikaunguruma, mashahidi wakahojiwa, na Oktoba 2017 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikamwachia huru. Yule alikuwa na mawakili. Kijana wa Gwarama anaambiwa "unaweza kwenda" na anakwenda.

Sisemi dawa hizi hazipo. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Huo ni mzigo wa lori, haukuja kwa ajili ya watu wawili. Lakini kwetu vyuoni, tuambiane ukweli, kitu cha jamii hii kilicho karibu zaidi ni mirungi. Gomba. Wapo wanaotafuna wiki ya UE mpaka macho yanakuwa kama ya bundi. Kathinoni iligunduliwa 1975 na maabara ya Umoja wa Mataifa, na kwa umbo na kazi ni binamu wa amfetamini. Huharibika haraka jani likinyauka, hugeuka kuwa kathini iliyo dhaifu zaidi, ndiyo maana mzigo unakimbizwa ukiwa umefungwa kwenye majani ya mgomba. Kenya ni zao la biashara halali, Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014, na kwetu ni kosa la jinai, kule milima ya Same mashamba yanang'olewa.

Je, kipimo cha kaka kingemkamata mla gomba? Kwa kubahatisha tu. Kile kikaratasi kimetengenezwa kwa umbo la amfetamini, na binamu huyu mara nyingi anapita mbele ya bodaboda bila kutambuliwa. Mwanariadha anayechunguzwa kwa kanuni za michezo ya kimataifa ndiye hawezi kupita kirahisi, maana huko maabara inatafuta kathini kwa jina lake, na kikomo ni mikrogramu 5 kwa mililita siku ya mashindano. Sudoefedrini wameiwekea kikomo cha 150, kwa sababu wanajua mwanariadha naye hupata mafua. Mwajiri wa kaka hakuwa na kikomo cha mafua. Kwa hiyo inawezekana kabisa siku ile aliyetafuna mirungi njia nzima alipata kazi, na aliyemeza vidonge vya mafua akarudishwa.

Nimesikia kwenye vikao vyetu, hata ndani ya serikali ya wanafunzi, kuna wenzetu wanapendekeza wanachuo wote wapimwe mkojo, atakayekutwa asimamishwe. Wanaona ni ujasiri. Naomba tupige hesabu ya darasa la nne. Tuseme tupo 1,000, na kweli watumiaji ni 10. Tuseme kipimo ni kizuri, kinakamata 9 kati ya hao 10, na kwa wasiotumia kinakosea 3 tu katika kila 100. Wasiotumia ni 990. Asilimia 3 yao ni kama 30. Jumla watakaokutwa "chanya" ni 39, na kati yao 30 hawajawahi kugusa kitu. Watatu katika kila wanne tutakaowafukuza ni wenye mafua, wenye presha, wenye mzio. Namba hizi nimezitunga mimi kwa mfano, badilisha utakavyo, lakini utaona kwamba watumiaji wakiwa wachache, makosa madogo ya kipimo yanawazidi kwa idadi. Kama tunataka kupima, tuanze na swali la nani atalipia kipimo cha pili. Bila jibu la hilo mimi napiga kura ya hapana, na kikao kijacho nitasema hivyo hivyo mbele ya watu.

Kwa wewe utakayepewa kikopo kesho: dawa zote unazomeza ziseme kabla ya kukojoa, siyo baada ya matokeo, na ikiwezekana ziandikwe, boksi lake ukiwa nalo ni bora zaidi. Uliza sampuli itagawanywa na kuhifadhiwa au itamwagwa. Ukiambiwa chanya, sema maneno haya: naomba kipimo cha kuthibitisha. Kelele hazisaidii, ukianza kufoka watasema ndiyo dawa yenyewe hiyo. Na matokeo ni yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya zimo kwenye zile taarifa nyeti. Kusomewa mkojo wako mbele ya watu kama majina ya waliofaulu darasa la saba si utaratibu.

Likizo nilikwenda nyumbani. Nilimkuta kaka anabeba maharage ya watu kwa pikipiki ya kukodi, Gwarama mpaka Kakonko mjini. Nilimchorea yote kwenye daftari, bodaboda na kituo na askari, akacheka sana kwenye askari. Baba mkubwa alikuwa amekaa pembeni anajifanya hasikilizi. Kisha kaka akaingia ndani akatoka na boksi la vile vidonge, alikuwa amelitunza. Nyuma, kwa herufi ndogo, ya pili kwenye orodha: sudoefedrini hidrokloraidi.

"Kwa hiyo ndiyo hii?"

Nikamwambia inawezekana sana, lakini kuapa siwezi. Wa kuapa ni ile mashine kubwa.

"Basi tuwapelekee mkojo waupime."

Nikamweleza ni ule ule wa siku ile tu ndio unaofaa, wa leo hausemi kitu, zimeshapita siku nyingi. Akanyamaza kidogo. Akasema ule waliumwaga palepale, kwenye sinki, aliona kwa macho yake wakati anachukua begi.

Baba mkubwa akaomba alione hilo boksi. Akalishika mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akanirudishia, akaniambia nimsomee tena, polepole.